Mpika mahamri mwenye sukari

Kilo 1 ya unga wa ngano hunitolea mahamri 40 ya kiasi. Humo mna robo kilo ya sukari, tui zito la nazi, hamira na iliki ya kutwanga. Hesabu hiyo naijua hata nikiamshwa usiku wa manane, maana biashara ya mahamri na mbaazi hapa Majengo ndiyo iliyonisomeshea watoto. Kinachoingia mwilini mwa mlaji ni hesabu nyingine, na hiyo sikuwa na sababu ya kuipiga mpaka nilipoambiwa nina sukari. Nawaandikia wenzangu wa Pwani walioambiwa maneno hayo juzi au jana, wakapewa karatasi ya vyakula, na sasa kila asubuhi wanasimama jikoni hawajui watie nini kwenye sahani.

Dalili nilikuwa nazo muda mrefu. Kiu haikatiki, nikaisingizia jiko, na Mombasa ya mwezi wa pili nani asiye na kiu? Usiku naamka kwenda kukojoa mpaka mume wangu akawa analala na mto kichwani. Macho yaingia ukungu leo, kesho yako sawa. Na kuna lile ambalo wanawake hatulisemi: kuwashwa sehemu za siri. Napaka dawa ya dukani, yapoa wiki, yarudi. Muuza dawa hakuniuliza kama nimewahi kupima sukari, nami sikujua kwamba sukari ikizidi mwilini fangasi hupata pa kustawi. Dada yangu, ukiona fangasi hazikuachi, pima sukari kwanza kabla hujanunua tyubu nyingine.

Kilichonifikisha hospitali ni kidonda. Mafuta ya karai yaliniunguza kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa kazi yangu, lakini safari hii kidonda kilikataa kufunga. Nesi alikitazama, akanitazama, akachukua mashine akanidunga kidole: 17.8, kwa kipimo cha mmol/L. Kesho yake asubuhi, sijatia kitu mdomoni, ilisoma 11.9. Kwa aliyelala bila kula, kuanzia 7.0 kwenda juu ni ugonjwa wa sukari, na mtu asiye na dalili hupimwa tena kuthibitisha. Kisha wakatoa damu ya kipimo ambacho wengi wetu twakiita cha miezi mitatu, HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa kipindi hicho. Mpaka wa ugonjwa ni 6.5 kwa mia. Mimi nilikuwa na 10.4.

Nilirudi nyumbani na vidonge vya aina mbili pamoja na hiyo karatasi.

Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa vizuri, ina picha za rangi. Asubuhi kula oti, mkate wa kahawia, tufaha, mtindi usio na mafuta. Nilitafuta neno mbaazi sikuliona. Sikuona pojo, sikuona kunde, wala samaki. Tufaha, katika mji wenye mapera na mapapai! Nilinunua oti hata hivyo, kwa bei ambayo ningepata trei nzima ya mayai na chenji. Mume wangu alionja kijiko kimoja, akakirudisha mezani bila kusema neno, na mtu huyu ameoa mpishi, hana tabia ya kunyamaza mbele ya chakula. Oti si mbaya na kama waipenda kula. Ninachosema ni kwamba chakula usichokizoea, kinachokugharimu mara tatu ya ulichokizoea, hutakula miaka 20, na ugonjwa huu ni wa miaka.

Oti ziliponishinda, wifi yangu akanipa dawa yake. Yeye alikuwa ametazama video za watu walioacha wanga kabisa: hakuna unga, hakuna wali, hakuna muhogo, hakuna ndizi. Nikafanya hivyo. Asubuhi yai na chai ya rangi, basi. Sukari ilishuka kweli, sitaficha. Lakini kimoja katika vidonge vyangu kilikuwa glibenclamide, ambacho kazi yake ni kuisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kidonge hicho hakijui kama umekula au umeshinda na chai.

Kilinikamata Kongowea. Nilikuwa nimekwenda alfajiri kuchukua nazi na gunia dogo la mbaazi, na katikati ya kupatana bei mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi likanitoka, moyo ukawa wadunda, na hasira ikanipanda, nikamfokea muuza nazi ambaye tumejuana miaka na hakunikosea lolote. Watu wakadhani tunagombana. Hamali mmoja mzee, aliyekuwa amekaa juu ya mkokoteni wake, ndiye aliyesema, "Mama huyo hana ugomvi, ameshukiwa na sukari. Mpeni soda." Mke wake alikuwa mgonjwa, alinambia baadaye. Nilikunywa nusu chupa, na baada ya robo saa dunia ikarudi mahali pake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza daktari, kabla ya kupunguza chakula, ni hili: katika dawa zangu ipo inayoweza kunishusha? Kidonge kiitwacho metformin, kikiwa peke yake, ni nadra kufanya hivyo. Glibenclamide na wenzake huweza, insulini huweza. Ukipunguza wanga na dozi ibaki ile ile, wajitafutia ya Kongowea. Chini ya 4.0 ni hatari: kunywa nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari, au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, kisha ule kitu cha maana. Tangu siku hiyo mkoba wangu hauendi sokoni bila peremende za glukosi.

Daktari alinipunguzia dozi, akanituma kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilikaa nikisubiri nipewe karatasi nyingine. Badala yake akafungua daftari tupu na kusema, "Mama, nieleze ulivyokuwa ukila asubuhi kabla ya kuugua. Usinipunguzie."

Nikamweleza. Mahamri 4, siku nyingine 5, maana mpishi yuaonja. Bakuli la mbaazi. Chai ya maziwa kikombe kikubwa, sukari vijiko 3.

"Na mahamri yako wayapikaje?"

Hapo ndipo tulipopiga hesabu, mimi na yeye, kwa kalamu. Nilimwambia vipimo vyangu, yeye akaniambia nikirudi nyumbani nigeuze pakiti ya unga nisome nyuma. Nilisoma: kila gramu 100 za unga zina wanga wa gramu 70 na kitu. Kwa hiyo kilo moja ina zaidi ya gramu 700. Ongeza sukari robo kilo, ambayo yote ni wanga, unafika karibu gramu 1,000. Gawa kwa 40. Kila hamri langu moja lina wanga wa gramu 25 hivi, wakati kipande kimoja cha mkate wa kawaida huwa na 15. Mahamri 4 ni gramu 100, kabla sijagusa chai. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, lakini vijiko vyangu vilikuwa na vilele. Binti aliniambia nianze na gramu 45 hivi kwa mlo mmoja, kisha tutazame mashine yasemaje. Kiasi hicho alinipa mimi kwa umri wangu, uzito wangu na dawa zangu. Wewe ulize chako.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo nisile mahamri tena?"

"Nani kasema? Kula moja. Mbaazi jaza bakuli, utie na yai au samaki. Kisha ujipime uniletee majibu."

Sikumwamini. Mbaazi si wanga? Ni wanga, ndiyo, lakini umefungwa pamoja na protini na nyuzinyuzi nyingi, na tumbo huchukua muda kuufungua. Unga mweupe hauna cha kuuzuia. Ukishatafunwa, muda mfupi tu umekuwa sukari kwenye damu. Kwa hiyo sahani ile ile ya mbaazi na mahamri ina vitu viwili tofauti kabisa ndani yake, na miaka yote nilikuwa nimevigeuza kichwa chini: mahamri ndiyo chakula, mbaazi ndiyo mchuzi.

Kujipima ndiko kulikonifunza zaidi ya mtu yeyote. Utaratibu ni mwepesi. Unapima kabla ya kula, unaandika. Unakula, unatazama saa tangu tonge la kwanza, na yakipita masaa mawili unapima tena. Mimi niliambiwa nijitahidi nisipite 10.0. Siku moja nilikula kama zamani, mahamri 4 na chai ya sukari, ili nione kwa macho yangu: nikatoka 7.9 nikaenda 15.3. Siku nyingine nikala hamri 1, bakuli zima la mbaazi, kipande cha kibua cha kukaanga kilichobaki usiku, na chai isiyo na sukari. Nilianza na 7.4 nikafika 9.3. Nilishiba mpaka adhuhuri. Zamani saa nne tu nilikuwa natafuta bajia.

Vijiti vya kupimia si rahisi. Boksi la vijiti 50 lilinila zaidi ya shilingi 1,500, na kwa muuza mahamri hiyo ni pesa ya unga. Kwa hiyo usipime ovyo ovyo ukajikatisha tamaa. Chagua chakula kimoja unachokila mara nyingi, kipime kabla na baada, kirudie siku nyingine uone kama jibu lafanana, kisha ukiache uende kwa kingine. Kabla hujanunua mashine yoyote uliza vijiti vyake vyauzwa bei gani na kama vyapatikana madukani hapa. Kuna mashine zagaiwa bure halafu vijiti vyake vyakutoa roho. Dunga ubavuni mwa kidole, sio kwenye ncha, maumivu hupungua sana. Nawa mikono kwanza. Mimi nilipata 13 siku moja nikaanza kulia, kumbe nilikuwa nimetoka kukanda unga wenye sukari. Niliponawa ikasoma 8.

Yako majibu yaliyonishangaza. Uji wa wimbi, ambao kila mtu mtaani aliniambia ndio chakula cha wenye sukari, ulinipandisha karibu sawa na mkate mweupe. Wimbi ni nafaka nzuri, lakini ukiusaga ukawa vumbi na kuupika ukawa mwepesi wa kunywa, tumbo halibakiwi na kazi. Ninaunywa bado, ila nusu kikombe, mzito, na yai pembeni. Muhogo wa kuchemsha nao. Watu husema ni chakula cha asili hakidhuru, lakini gramu 100 za muhogo uliochemshwa zina wanga karibu gramu 38, mara mbili ya kiazi kitamu. Kiazi kitamu kilinifaa zaidi, kimoja cha saizi ya kiganja. Asali ilinipandisha. Sukari guru ilinipandisha. Mkate wa kahawia ulinipandisha mpaka niliposoma karatasi yake nikaona ni unga mweupe uliotiwa pumba kidogo. Neno la kutafuta pale ni ngano nzima, na liwe la kwanza kwenye orodha.

Jambo lingine lililonisumbua ni kuamka na sukari iko juu kuliko nilivyolala nayo. Usiku 7.2, asubuhi 8.5, na katikati nimelala tu. Nilidhani mashine imeharibika. Binti wa lishe akanieleza kwamba alfajiri mwili hutoa homoni za kutuamsha, na homoni hizo huliambia ini limwage sukari iliyowekwa akiba. Kwa mzima insulini hulisawazisha hilo, kwa sisi halisawaziki vizuri. Ndiyo maana kiasi kile kile cha wanga chaweza kukupandisha zaidi asubuhi kuliko mchana. Na mji wetu huu umeamua kwamba asubuhi ndiyo wakati wa mahamri, vitumbua, viazi vya karai na mkate wa kumimina! Sahani ya mchana ikikushinda kuirekebisha, anza na ya asubuhi.

Chai ilikuwa vita ya peke yake. Sikuacha sukari kwa siku moja. Nilitoka vijiko 3 nikashuka 2, nikakaa hapo mpaka ulimi ukazoea, kisha 1, kisha nusu. Tangawizi na iliki nilizizidisha, mdalasini nao, kwa sababu ya ladha. Simwambii mtu kwamba mdalasini watibu. Sasa nikipewa chai ya mtu naisikia tamu hadi kooni.

Chai ya watu ndiyo shida, hasa. Mavyaa yangu ni mzee wa Kibokoni, na nyumbani kwake mgeni haulizwi sukari, chai yaja imeshatiwa jikoni. Ziara ya kwanza baada ya kuugua nilimweleza, akasikitika, akaniombea dua, kisha akaniletea kikombe kilichotiwa kijiko kimoja badala ya vitatu, na sahani ya kaimati. "Mwanangu, kidogo tu, hakidhuru. Nimekupikia wewe." Sikujua la kufanya nikala. Safari iliyofuata nilibadilisha mbinu. Nilimpigia simu siku moja kabla: "Mama, nina hamu ya ule mchuzi wako wa pweza." Akapika pweza, na mchicha juu. Nimegundua wazee wetu hawataki ule sukari, wataka ule kwao. Ukiwaomba kitu unachoweza kula, wanafurahi kuliko ukikataa walichokiandaa.

Harusini naenda bado. Kwenye sinia ya biriani naanza na kachumbari na nyama, nazungumza sana, kisha wali nachukua kiasi cha kujaza ngumi. Kuanza na mboga na nyama kabla ya wanga kwasaidia kweli, nimejipima. Na kutembea kwasaidia. Kutembea kwa robo saa baada ya kula, mwendo wa kawaida tu, kutoka kibanda changu hadi Mwembe Tayari na kurudi, kulinipunguzia zaidi ya pointi moja kwenye mashine kuliko siku niliyokaa.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza daktari alinikataza kufunga. Nililia, kisha nikatii. Mwaka uliofuata nilikwenda kwake mapema, mwezi mmoja na nusu kabla, dawa zikapangwa upya kwa ajili ya futari na daku. Usibadilishe mwenyewe kwa kumfuata jirani. Kujidunga kidole hakufunguzi, masheikh wengi wamelisema hilo, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutojipima mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, fungua hapo hapo, hata adhana ikiwa imebaki dakika kumi. Futari yangu sasa ni tende 1, maji, na supu. Naswali Magharibi, ndipo narudi mezani. Viazi vikuu, muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati haviwezi kukaa vyote kwenye sahani moja, nachagua kimoja kwa siku. Daku nailaza mpaka karibu na mwisho wa wakati: pojo au maharagwe, samaki, mboga, na wali kidogo. Aliyekula wali mtupu saa sita ya usiku akalala, mchana ataukuta mrefu.

Mitishamba pia lazima niseme. Jamaa mmoja wa dawa za miti aliniuzia chupa kwa shilingi 3,000 na kuniambia niache vidonge siku 40. Chupa niliinunua, vidonge sikuacha, na mashine haikuona tofauti yoyote. Mlonge napika kama mboga, ni mboga nzuri. Vidonge nameza.

Baada ya miezi kadhaa ya kula hivi kile kipimo cha miezi mitatu kilisoma 7.1, na glibenclamide ikaondolewa. Kidonda kilikuwa kimeshafunga zamani. Macho na miguu nachunguzwa kila mwaka, na hilo lisiachwe hata kama mashine yakupa nambari nzuri.

Biashara nayo imebadilika kidogo. Sukari ninayotia kwenye kilo ya unga nimeipunguza pole pole kutoka robo kilo hadi gramu 150, na mteja mmoja tu wa bandarini ndiye aliyelalamika, naye alalamikia kila kitu. Mbaazi natumia tui la pili zaidi kuliko la kwanza. Na nimeongeza sahani mpya kibandani: mbaazi upawa mbili, yai la kuchemsha, hamri 1. Nilidhani itanunuliwa na wagonjwa. Wanaoipenda zaidi ni vijana wa bodaboda, wasema yakaa tumboni.

Kinachonishinda ni chapati. Wateja wengi wenye sukari huniambia wameacha mahamri wakahamia chapati kwa sababu haina sukari, nami nawauliza kilo moja ya unga yatoa chapati ngapi. Zangu ni 12. Gawa mwenyewe: kila moja ina wanga wa gramu 60, zaidi ya mahamri mawili. Basi Jumapili nakula nusu, na nusu ya pili mume wangu huinyoshea mkono kabla hata sijamaliza kuikata.